Damu Inayorudi Nyuma

Gongoni, Tabora
9 Oktoba 1984

Mwanangu Yahaya,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba baba. Mimi sijambo na nyumba haijambo. Joto la mwezi huu unalijua mwenyewe, kuku wanatembea midomo wazi na mvua bado inatuzungusha. Dada yako Tatu kajifungua salama kule Bukene, mtoto wa kike, wamemwita Batuli. Nimewaambia wamemponza mtoto wa watu, maana jina hili lina mdomo. Jirani yetu Josepha, yule muuguzi, anakusalimu sana. Sabuni hakuna. Sukari tuliipata juzi kwenye duka la ushirika baada ya kusimama foleni mpaka nikagombana na mtu nisiyemjua, halafu tukagundua ni ndugu.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha chini niandike. Unasema huko unasomea mashine inayopiga picha ya damu ikiwa mwilini mwa mtu mzima, anayepumua. Nimeisoma sentensi hiyo nikampa na Josepha, naye akaguna tu. Nieleze kwa lugha ya binadamu. Mtu anatoka humo salama? Na wewe, hawakuingizi? Mimi sikulea mtoto wa kaka yangu tangu baba yake afariki ili wazungu wamtie kwenye mtungi.

Ukipata nafasi nitumie soksi. Nzito, za sufu. Usiniulize za nini.

Ni mimi shangazi yako,
Batuli binti Mabruki
(mwandiko ni wangu mwenyewe, kisomo cha watu wazima hakikunipita bure)


Uingereza
2 Novemba 1984

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilicheka peke yangu kwenye basi nikisoma habari za ndugu wa foleni. Mtoto wa Tatu namuombea maisha marefu, na mdomo aupate pia, utamsaidia. Huku majani yameisha mitini na jua linatoka kwa kusitasita. Mimi mzima.

Mashine yenyewe ni sumaku kubwa yenye tundu katikati. Mtu analazwa, anasukumwa ndani, inagonga gonga kama fundi bati, basi. Hakuna sindano. Inapiga picha na kupima damu inakwenda upande gani na kwa mwendo gani. Damu inayoshuka kwenda miguuni inatokea nyeupe, inayopanda inatokea nyeusi.

Kazi yangu mimi ni kusahihisha uongo wa picha. Mashine hii inadanganyika kirahisi, Shangazi. Mtu akipumua, kifua kinasogea, basi pembeni kinachorwa kifua cha pili, hafifu, ambacho hakipo. Moyo ukiruka unaacha madoa. Mimi naandika hesabu za kuiambia kompyuta hiki ni cha kweli, kibakize, na hiki ni kivuli, kifute.

Sasa kuna picha ya mtu mmoja inanisumbua. Mshipa mkuu unatoka moyoni, unapinda juu kama mpini wa mwavuli, kisha unashuka. Pale unapoanza kushuka panatakiwa pawe peupe tupu. Kwa mtu huyu pana doa jeusi. Yaani damu yake hapo inarudi nyuma. Nimefuta vivuli vyote vya pumzi, doa limebaki. Tumepitisha maji kwenye mpira ndani ya mashine, mashine ikasema kweli. Mwalimu wangu anasema nisihangaike, ni dosari tu, nitaipata. Lakini mimi naogopa. Naogopa kufuta kitu cha kweli kwa kudhani ni cha uongo.

Soksi nitatuma. Lakini Shangazi, Oktoba?

Mwanao,
Yahaya


Gongoni, Tabora
27 Novemba 1984

Yahaya baba,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Mvua imekuja kwa fujo, imebomoa jiko langu la vitumbua, nimefinyanga jingine. Tatu kaleta picha ya mtoto, masikio ya babu yake matupu. Hapa mitaani nguo za mitumba zimeanza kuonekana, watu wanavaa makoti ya baridi kali na jasho linawachuruzika. Baba yako angekuwepo angekasirika, maana nguo imekuja imeshonwa, fundi afanye nini?

Sasa huyo mtu wako. Damu kurudi nyuma! Toba! Mimi nimeijua damu inayotoka na damu inayoganda, hii ya kurudi nyuma sijaisikia tangu nizaliwe. Josepha anasema moyo una vilango, kilango kikilegea damu hurudi. Nikamuuliza, mtu huyo anapona? Akaniambia Bi Batuli, chapati inaungua.

Ni mtu wa wapi huyo? Ni mzungu? Ana mama? Hukusema. Wewe ukiandika habari ya mtu huachi hata kofia yake, safari hii hukuniambia hata jina.

Kula vizuri.

Shangazi yako


Uingereza
16 Desemba 1984

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa jiko. Huku theluji imeanguka, nimeishika, ni kama chumvi iliyokosa akili. Soksi nimeziweka posta, jozi ya bluu na jozi ya kahawia.

Doa limetoka! Ngoja nikueleze, maana hili utalielewa kuliko wengi. Unakumbuka gari la serikali la senema lilipokuja uwanjani, tukaonyeshwa gari la farasi linakimbia, na magurudumu yakaonekana yanazunguka kinyumenyume? Ukapiga kelele, "Litawaangusha hilo, linarudi!" Uwanja mzima ukacheka. Gari lilikuwa linakwenda mbele, tena mbio. Ni kamera iliyoshindwa kulifuata.

Mashine yetu ni hivyo hivyo. Tunaipa kikomo cha mwendo. Damu ikizidi kikomo, mashine haisemi imezidi, inasema inarudi nyuma. Nilipandisha kikomo, tukampiga mtu yule picha tena, doa jeusi likawa jeupe. Damu yake hairudi popote. Inakwenda mbele. Chumba kizima kilipiga makofi, mwalimu akanipa mkono.

Mimi sikupiga makofi. Kwa nini damu iende mbio namna ile mahali pamoja tu? Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji yanaruka kwa kasi. Basi mshipa huo hapo umebanwa, Shangazi. Ni mwembamba. Mtu anazaliwa nao hivyo. Juu ya pale damu inasukumana mpaka kichwa kinauma na pua inatoka damu, na chini ya pale inafika kidogo, kwa hiyo miguu inachoka upesi na inakuwa baridi.

Nataka kukuuliza kitu, unijibu kwa kweli. Baba alipofariki nilikuwa shule ya bweni, niliambiwa tu kaanguka. Je, miguu ya Baba ilikuwa baridi?

Yahaya


Gongoni, Tabora
20 Januari 1985

Mwanangu,

Salaam nyingi, na marahaba. Soksi zimefika, Mungu akubariki, ya kahawia nzuri zaidi. Mahindi yamesimama vizuri mwaka huu. Mzee mmoja kaja kutoka Choma na ng'ombe wake wawili, kafunga hapa uani kwangu bila kuniuliza, ng'ombe kala khanga yangu ya kijani. Nilimwambia nitamkamua huyo ng'ombe mpaka itoke khanga. Josepha kapewa zamu za mchana, kanenepa. Mjukuu wangu anacheka sasa. Paa la msikiti linabadilishwa mabati.

Huyo mtu wako mwambie aombe dua, na asikae kwenye baridi. Mwambie asiinue vitu vizito.

Sina zaidi. Vitumbua vinaniita.

Shangazi


Uingereza
8 Februari 1985

Shangazi,

Shikamoo. Mimi si mzima, kwa hiyo sitaandika kwamba ni mzima.

Nilikuuliza kitu kimoja. Umeniandikia habari za ng'ombe.

Mtu huyo hana jina kwa sababu jina ni langu. Hapa tunalazana wenyewe kwa wenyewe kwenye mashine ili kuijaribu, na zamu yangu ilipofika nikalala, nikitania. Picha ni yangu. Tangu Oktoba nasahihisha picha ya kifua changu mwenyewe na kumwita "mtu mmoja" kwa sababu nikiandika "mimi" nalikata neno hilo.

Mwalimu bado anasema mashine ni changa, pengine kuna dosari nyingine. Daktari wa moyo anataka kupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa mpaka juu ahakikishe, kisha anipasue ubavuni, akate pale pembamba, aunge. Anasema nisipopasuliwa naweza kuishi miaka, na naweza kuanguka kesho nikifunga dirisha. Wengine wanaopasuliwa wanaamka miguu haina nguvu. Wengine hawaamki. Kanieleza taratibu sana, kwa upole, ndiyo maana nikaogopa zaidi.

Nikuambie aibu yangu. Kwa wiki nzima nimekuwa nikikaa kwenye kompyuta nikitafuta hesabu itakayopafanya mahali pale paonekane pa kawaida. Jana niliipata. Mshipa ukatokea mzuri, mpana, sawa na wa kila mtu. Nikafurahi mpaka saa ya chai. Halafu nikainama kuvaa viatu, mkono ukagusa mguu wangu. Nikaifuta hesabu yote.

Sijui nimtegemee nani. Mashine niliisahihisha mwenyewe, na sasa naomba niwe nimekosea. Wewe ndiye uliyekuwa ndani ya nyumba na Baba. Kama alikuwa na miguu baridi, basi hii si dosari ya picha, na nitakubali wanipasue. Kama hakuwa nayo, nitangoja.

Niambie. Usiniandikie ng'ombe.

Yahaya


Gongoni, Tabora
1 Machi 1985

Yahaya, Yahaya, mwanangu,

Barua hii haina salaam, nitaziweka mwisho nikikumbuka. Nilijua. "Mtu mmoja"! Nilijua siku ileile, nikajifanya mjinga, na wewe ukajifanya mwerevu, tukaenda hivyo mpaka leo.

Ilikuwa baridi. Haya, nimesema. Miguu ya kaka yangu Saidi ilikuwa baridi kama mtungi, Januari mpaka Desemba. Mikono ya bondia, kifua cha mbeba mizigo, na chini miguu ya mzee. Damu ya pua ilimtoka tangu utoto. Kichwa kikimuuma alikwenda kwa mpiga chuku, anaumikwa kwa pembe mgongoni, anatolewa damu kidogo, anarudi anasema amepata nafuu. Sote tulijua fundi Saidi ana damu nyingi, ndiyo dawa yake. Hakuna aliyeuliza mbona inajaa juu tu.

Na cherehani ilikuwa ya miguu. Unaikumbuka? Alikanyaga kidogo, akasimama, anasugua mapaja. Anakanyaga tena, anasimama. Walipoingizwa kwenye ushirika wa mafundi, mwaka ule watu wanahamishiwa vijijini, wakapewa sare za shule kushona kwa muda mfupi. Mwenyekiti wao akamsimamisha mkutanoni, akasema hapa kwetu tuna kupe, mtu mwenye mwili huu anakanyaga mara mbili anapumzika, anaishi kwa jasho la wenzake. Kupe! Mbele ya watu! Nilikwenda kwa huyo mwenyekiti na mwiko mkononi, balozi wa nyumba kumi ndiye aliyenishika. Lakini Saidi neno hilo likamwingia. Akaanza kukanyaga bila kusimama ili wamwone. Siku hazikupita nyingi. Wakamkuta kalalia mashine, pua inatoka damu, sketi ya mwanafunzi bado iko chini ya sindano.

Daktari aliandika malaria imepanda kichwani. Tukamzika.

Sasa nisikilize. Mimi sitaki mtu akutie kisu. Lakini kaka yangu hakupata hata mtu wa kumwambia kwamba hakuwa mvivu. Wewe umeambiwa. Waambie madaktari baba yako alikuwa nayo, waambie dada yake kasema, na wapasue. Ukifika huko uwe umekula vizuri, uwe umesali.

Wala usiniandikie "nitaona". Niandikie siku.

Salaam kwako. Marahaba.

Batuli


Gongoni, Tabora
6 Aprili 1985

Yahaya,

Hakuna barua. Posta wananiona nikitokea kwenye kona wanatikisa kichwa kabla sijafika. Yule kijana wa dirishani nimemtukana, kisha nikampelekea vitumbua kumtaka radhi, kisha nikamtukana tena.

Josepha anasema barua huchelewa. Anasema hivyo huku haniangalii. Nimemwambia aache kunihudumia kama mgonjwa, anijibu kama jirani, akaondoka analia, yeye ambaye hata wafu huwafunga taya kwa utulivu.

Tatu sijamwambia. Ananyonyesha.

Kama uko hai andika hata jina lako peke yake. Kama kuna mwingine anaisoma barua hii kwa sababu mwenyewe hawezi, basi naomba unyamaze usinijibu. Hapana. Jibu.

Batuli


Uingereza
11 Aprili 1985

Shangazi,

Shikamoo. Niko hai. Samahani mwandiko, natia kalamu nikiwa nimelala, na ubavu hautaki nicheke wala nikohoe wala nikuandikie sana.

Barua yako ya Machi nilimsomea daktari, nikiitafsiri neno kwa neno. Nilipofika kwenye sketi chini ya sindano nilishindwa, akaningoja. Akapitisha mpira wake, akapakuta pembamba palepale picha iliposema. Wakanipasua wiki iliyofuata. Sikukuandikia siku kwa sababu ningekuandikia, ningekuwa naaga.

Nilipozinduka nilihisi kitu miguuni. Nikadhani wameniwekea chupa ya maji ya moto, nikamwomba muuguzi aiondoe, inaniunguza. Akafunua shuka anionyeshe. Hapakuwa na chupa. Ilikuwa miguu yangu, Shangazi. Sikujua miguu ya watu huwa hivi. Nilimwomba Baba msamaha, sijui kwa kosa gani, nikalia mpaka wakanichoma sindano.

Sasa nimepewa muda mwingi wa kulala na kufikiri, nimezipanga barua zako zote kitandani. Ya kwanza kabisa inasema joto limewafanya kuku waache midomo wazi. Mwishoni unaomba soksi nzito za sufu, na kwamba nisiulize za nini. Unakaa mbele ya jiko la mkaa kutwa nzima. Tabora. Mwezi wa kumi.

Ulipojibu mwishowe, ulijibu habari za miguu ya Baba tu. Daktari anasema kitu hiki kinaweza kutembea ndani ya ukoo. Nauliza sasa: soksi ni za nani?

Mwanao,
Yahaya


Gongoni, Tabora
5 Mei 1985

Mwanangu Yahaya,

Wa alaykum salaam, na marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako niliifungulia palepale posta, nikakaa sakafuni. Yule kijana wa dirishani alidhani ni msiba, akafunga dirisha akaja kunishika. Nimempa vitumbua bure mpaka atakapooa.

Nilipanda treni mpaka Bukene. Nilimwambia Tatu nimekuja kumwona mjukuu. Nilimshika mtoto nyayo, za moto. Tatu nilimvizia amelala mchana, nikamshika na yeye, akaamka akauliza Shangazi una nini. Nikamwambia nafukuza nzi. Zake pia za moto. Hao wameokoka, alhamdulillahi.

Niliporudi nikamwita Josepha, nikajilaza mkekani, nikamwambia nitafutie. Akaweka vidole mkononi, akapata mapigo mara moja, yanaruka. Akaweka kwenye nyonga. Akahamisha vidole. Akatafuta upande wa pili, akarudi wa kwanza. Huko hakuyapata. Kisha akaniambia ataomba ruhusa anipeleke hospitali mwenyewe, na wao pengine wataniandikia niende Dar es Salaam.

Uliponiuliza Desemba habari za miguu ya baba yako, nilikuwa nimeiweka ya kwangu jikoni, karibu na majivu, kama kila siku. Ndiyo maana nikakuandikia ng'ombe. Ningejibu lako ningekuwa nimejibu na langu. Tulipokuwa wadogo, mimi na Saidi tulilala mkeka mmoja, na kila tukilala tulishindana nani ana miguu baridi zaidi, tunawekeana mgongoni, tunapiga kelele mpaka marehemu babu yako anatupigia ukuta. Saidi hakuwahi kunishinda.

Mimi ni mzee, nimeshazika, nilidhani nimemaliza kuogopa. Sijamaliza. Nimekuhimiza wewe ukubali kisu kwa maneno makubwa, na sasa mimi nikisikia gari la hospitali linapita barabarani naingia chooni. Naogopa, baba. Sikuwahi kukuambia neno hilo tangu uzaliwe, na leo sina jingine.

Ubavu ukipona, njoo. Soksi zako ninazo miguuni hivi ninavyoandika, jozi zote mbili, ya kahawia juu ya bluu. Hazisaidii kitu.

Shangazi yako,
Batuli